Programu huria zinazobeba takwimu za afya: kasoro ziandikwe wapi?

Kila mwezi, zoni za afya 519 za Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo zinapaswa kutuma takwimu zao katika mfumo wa kitaifa wa habari za afya, SNIS: wagonjwa wa malaria, watoto waliochanjwa, wamama waliojifungua kwenye santre ya afya. Takwimu hizo zinaingizwa katika DHIS2, programu inayotengenezwa chini ya Chuo Kikuu cha Oslo, Norway, na inayotumiwa leo na zaidi ya nchi 70. Nayo DHIS2 inazihifadhi ndani ya programu nyingine, PostgreSQL, ambayo mwenye kujaza fomu katika biro ya zoni haioni hata siku moja.

Zote mbili ni programu za chanzo huria. Maana yake, msimbo wake uko wazi: mtu yeyote anaweza kuusoma, kuutumia bila kulipa leseni, na kupendekeza marekebisho. Lakini mtu akikuta kasoro, programu hizo zinampokea kwa njia mbili tofauti. DHIS2 ina daftari la kasoro kwenye intaneti, lililo wazi kwa wote: kila tatizo linapata namba, linaandikiwa hali yake, na mara nyingi jina la aliyepewa kulishughulikia. PostgreSQL haina daftari kama hilo. Haikulisahau, watu wake walijadiliana juu yake zaidi ya mara moja, na mpaka leo wameendelea bila hilo.

Mjadala huo wa zamani umepata moto mpya mwaka huu wa 2026 kwa sababu ya curl, programu ndogo ya kusafirisha data kupitia intaneti ambayo imo ndani ya simu, televisheni na magari mengi ulimwenguni. Tangu 2019 mradi wa curl, unaoongozwa na Daniel Stenberg wa Sweden, ulikuwa na utaratibu wa kuwalipa wanaogundua kasoro za usalama. Mwezi wa Januari ulitangaza kwamba malipo yanakoma. Ripoti za uongo, nyingi zikiwa zimeandikwa na akili bandia, zilikuwa zimejaa kiasi cha kuwachosha watunzaji wa programu. Ripoti moja ya aina hiyo inaweza kuwa na kurasa kadhaa, maneno mazuri, na kasoro ambayo haipo. Mtu wa kweli ndiye anayepoteza saa zake ili kuthibitisha kwamba haipo.

Kuna waliosoma habari hiyo na kusema: mnaona, mlango ulio wazi kwa kila mtu unaua mradi. Hitimisho hilo ni la haraka mno.

Daftari lilitoka wapi

Wazo lenyewe si geni kwa mtu aliyewahi kufika mapokezi ya hospitali. Mgonjwa anaandikwa, anapewa namba, faili lake linafuata mkondo mpaka atoke. Mradi wa Debian, ambao unakusanya maelfu ya programu huria ili zitumike pamoja, una daftari la aina hiyo tangu miaka ya 1990, na namba ya kasoro zake ilifika milioni moja mwaka 2021. Debian iliweka hata ahadi kwa watumiaji wake kwamba daftari lote litabaki wazi kwa umma. Mwaka 1998 Mozilla ilileta Bugzilla, ambayo ilienea katika miradi mingine mingi. Kisha GitHub, iliyoanza 2008, ikaleta desturi mpya: anayefungua mradi anapata na daftari lake papo hapo, bila kuliomba. LLVM ilihamishia kasoro zake kule mwishoni mwa 2021, na lugha ya Python ikafuata mwaka 2022.

Kwa hiyo leo miradi mingi haikuamua kuwa na daftari. Ililikuta mlangoni, na hapo ndipo shida nyingi zinapoanzia.

Mfano wa PostgreSQL

PostgreSQL ilizaliwa mwaka 1986 kama kazi ya utafiti ya Michael Stonebraker katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Tangu 1996 inaendelezwa na watu waliotawanyika katika nchi nyingi. Mwenye kukuta kasoro anajaza fomu fupi kwenye tovuti. Fomu hiyo inageuka kuwa barua pepe, inapewa namba, na inatumwa kwa kundi la barua pepe ambalo kila mtu anaweza kulisoma. Namba hizo zimekwisha kupita 18,000. Baada ya hapo hakuna hali inayoandikwa popote: si “imethibitishwa”, si “imetengenezwa”, si “imekataliwa”. Kuna watu wanaojibu, basi.

Na kwa kweli wanajibu. Tom Lane, mmoja wa watunzaji wa muda mrefu wa programu hiyo, anajulikana kwa kujibu ripoti upesi, mara nyingine siku ileile, huku marekebisho yakiwa tayari.

Mwaka 2015 mjadala ulipamba moto ndani ya mradi. Wenye kutaka daftari walisema kwamba bila hilo, ripoti isiyojibiwa inazama, na anayekutana na kasoro ileile miaka mitatu baadaye hana njia ya kujua kama ilitengenezwa na katika toleo gani, ila kufukua maelfu ya barua. Wasiolitaka walijibu kwamba daftari lisilo na mtunzaji linajaa takataka, na kwamba wanaotengeneza programu wanaishi ndani ya barua pepe. Ukiwapa mahali pa pili pa kuangalia, hawatapaangalia. Hakuna upande ulioshinda waziwazi. Hali ikabaki kama ilivyokuwa.

Kuna jambo moja ambalo wanaoitumia PostgreSQL kama mfano wa kukataa daftari hawalisemi. Mradi huo una daftari, ila ni la kitu kingine. Unaitwa Commitfest: orodha ya viraka, yaani marekebisho ambayo watu wameyaandika na kuyaleta, kila kimoja na hali yake na jina la anayekikagua. PostgreSQL inaandikisha kazi iliyoletwa. Malalamiko yaliyoletwa haiyaandikishi kwa namna hiyo. Huo ni uchaguzi wa watu wanaojua nguvu zao zinaishia wapi.

Tena wanaoujibu umma pale si watu wa kujitolea usiku tu baada ya kazi nyingine. Wengi wanalipwa mshahara na makampuni kama EDB, Microsoft na Amazon ili waiendeleze PostgreSQL. Nyuma yao kuna hifadhi ya barua za karibu miaka thelathini, iliyo wazi, na desturi ya kujibu ambayo haikujengwa kwa siku moja. Kijana wa Bukavu anayetengeneza programu ya kuhesabu michango ya likilimba, akasema hahitaji daftari kwa kuwa hata PostgreSQL haina, ameiga kinachokosekana bila kuwa na kinachokifidia.

Linux nayo inatajwa mara nyingi katika mjadala huu. Ni kweli, ina Bugzilla yake, lakini maelekezo ya mradi wenyewe yanasema kwamba kasoro nyingi zipelekwe kwa barua pepe kwa wahusika wa sehemu iliyoharibika, kwani wengi wao hawaiangalii Bugzilla. Hata hivyo kuna aina moja ya kasoro ambayo Linux iliona haiwezi kuiachia barua pepe peke yake: kitu kilichokuwa kinafanya kazi jana, na toleo jipya limekivunja. Kwa hizo, Thorsten Leemhuis wa Ujerumani anaweka orodha, akisaidiwa na programu iitwayo regzbot inayofuatilia barua na kukumbusha. Wapenzi wakubwa wa barua pepe waliishia kushika daftari kwa jambo lililowauma zaidi.

Kazi isiyoonekana

Daftari la kasoro ni ahadi. Anayelifungua anamwambia mtumiaji: andika hapa, kuna mtu atasoma. Ahadi hiyo inagharimu saa za kazi ambazo hazionekani kwenye msimbo: kusoma ripoti, kuuliza ni toleo gani, kujaribu kuirudia kasoro, kuziunganisha ripoti tano zinazosema jambo moja, kufunga zile zilizokwisha. Mradi wenye watumiaji laki moja na mtunzaji mmoja hauwezi kuitimiza, hata akiwa hodari namna gani.

Miradi mingi ilijaribu kukwepa kwa kutumia roboti: tiketi ikikaa siku kadhaa bila mtu kuandika kitu, inafungwa yenyewe. Takwimu za mradi zinapendeza. Kasoro iko palepale. Na aliyeitoa taarifa kwa uangalifu, kwa lugha ambayo si yake, anapata ujumbe wa mashine kwamba shauri lake limefungwa kwa kukosa shughuli. Mtu huyo hatarudi tena.

Kwa upande mwingine, kukosa daftari hakumlindi mtunzaji aliye peke yake. Mfano ni xz, programu ya kubana mafaili ambayo mifumo mingi ya Linux inaitegemea. Mtunzaji wake alikuwa mmoja, amechoka, na mwaka 2022 alisukumwa kwa barua pepe za watu waliolalamika kwamba anachelewa. Aliyejitokeza kumsaidia ndiye baadaye aliyetia ndani ya programu mlango wa siri wa kuingilia kompyuta za watu. Mlango huo uligunduliwa mwezi wa Machi 2024 na Andres Freund, ambaye ni mmoja wa wanaoitengeneza PostgreSQL, baada ya kushangaa kwa nini kuingia kwenye mashine yake kunachelewa kwa nusu sekunde. Shinikizo lilipita kwenye barua pepe, na onyo la kuokoa ulimwengu lilipita kwenye barua pepe pia. Chombo hakikuwa tatizo, wala hakikuwa dawa.

Mashariki mwa Congo: WhatsApp na kaye

Katika Kivu ya Kaskazini, Kivu ya Kusini na Ituri, wengi wanaotumia programu huria hawajui kwamba ni huria. Vijana wanaofanya enketi za mashirika ya kibinadamu wanaijua “Kobo”. KoboToolbox, iliyoanzishwa na watafiti wa Harvard waliofanya kazi kaskazini mwa Uganda na mashariki mwa Congo, nayo ina msimbo wazi na daftari la kasoro kwenye GitHub. Lakini fomu ikikataa kutumwa kule Masisi au Kalehe, kijana hafungui GitHub. Anaandika katika kundi la WhatsApp la enketi, anatuma picha ya skrini, na mkubwa wa timu anamjibu: zima simu, washa tena.

WhatsApp ina faida zake, na si haki kuidharau. Kila mtu anayo, inakula mega kidogo, na jibu linaweza kuja ndani ya dakika tano. Ubaya wake ni kwamba haina kumbukumbu ya pamoja. Ujumbe wa kasoro unafunikwa siku ileile na salamu, matangazo ya misiba na habari za barabara iliyofungwa. Hauna namba. Aliyepata ufumbuzi mwezi wa tatu haonekani kwa aliyeingia kundini mwezi wa sita. Na mkubwa wa timu akibadilisha simu au kazi, ujuzi wote unaondoka naye.

Kuondoka huko ni jambo la kawaida katika eneo linaloishi kwa miradi ya miaka miwili au mitatu. Mwanzoni mwa 2025 Marekani iliposimamisha misaada iliyopitia USAID, miradi ya afya ilifungwa kwa ghafla katika nchi nyingi, Congo ikiwemo. Kompyuta zinaweza kubaki biro. Lakini kujua kwamba ripoti fulani inajumlisha vibaya santre moja inapokuwa na majina mawili, au kwamba fomu fulani haifunguki kwenye simu za zamani, kunabaki kwenye kichwa cha mtu aliyepewa barua ya kusimamishwa kazi. Hapa ndipo swali la daftari linapoacha kuwa ugomvi wa wataalamu wa Ulaya na Marekani. Takwimu iliyojumlishwa vibaya inaweza kupeleka dawa za malaria mahali pasipostahili, na mwaka unaofuata ikazipeleka palepale tena, kwa sababu hakuna mahali ambapo kosa lile liliandikwa.

Lugha ni kizuizi kingine. Daftari la DHIS2 liko kwa Kiingereza. Mtu wa takwimu katika zoni ya afya anafanya kazi kwa Kifaransa na kuongea Kiswahili, Kishi, Kinande au Kilendu. Anaweza kuieleza kasoro vizuri sana, kuliko hata mwenye kuitengeneza programu, lakini si katika lugha ambayo daftari linamtaka. Vikundi vya HISP vinavyosaidia nchi kutumia DHIS2, kikiwemo kile cha Afrika ya Magharibi na ya Kati, vinaweza kuziba pengo hilo, mradi ujumbe wa zoni uwafikie ukiwa umeandikwa mahali, si ukiwa umesemwa kwenye simu.

Kisha kuna hatari ambayo wanaosifu uwazi wa madaftari hawaitaji vya kutosha. Anayetoa taarifa ya kasoro kwa kawaida anaambatanisha picha ya skrini. Katika mikoa hii, skrini hiyo inaweza kuwa na jina la mwanamke aliyetendewa ukatili wa kingono, umri wake na kijiji chake, au orodha ya familia zilizokimbia na mahali zilipojificha. Daftari la wazi linasomwa na ulimwengu wote, pamoja na wenye silaha. Picha ikishawekwa, kuifuta hakutoshi. Tayari kuna nakala. Kundi la WhatsApp lenye watu mia mbili si salama zaidi, ila angalau hakuna anayelidhania kuwa chombo cha kitaalamu. Mradi wowote wa programu unaogusa wagonjwa au wakimbizi wa ndani hauna ruhusa ya kufungua daftari la umma kabla ya kuwa na mlango wa pili, wa faragha, na mtu wa kuondoa majina kabla ya ripoti kwenda mbele.

Njia ya kati ipo

Wanaobishana juu ya barua pepe na daftari wanasahau mara nyingi kwamba Debian ilikwisha kuviunganisha. Daftari lake linaendeshwa kwa barua pepe: mtu anatuma ujumbe, unapata namba, anajibu ujumbe, maelezo yanaongezeka kwenye faili, mtunzaji anatuma ujumbe mwingine, faili linafungwa. Anayetaka kusoma anafungua tovuti. Katika mji ambamo koneksyo inakuja na kuondoka pamoja na umeme, jambo hili lina uzito mkubwa. Barua inaandikwa bila mtandao na kutoka yenyewe mtandao unaporudi. Ukurasa wa GitHub unataka akaunti, neno la siri, na mtandao usiokatika mpaka kitufe kibonyezwe.

Njia nyingine ni ya Ghostty, programu ya kuandikia amri za kompyuta iliyotolewa mwishoni mwa 2024. Hapo mtumiaji hafungui tiketi moja kwa moja. Anaanza kwa mazungumzo. Watunzaji wakithibitisha kwamba kasoro ni ya kweli na inaeleweka, wao ndio wanaoiandika katika daftari. Kila kilichomo ni kazi iliyo tayari kufanywa. Kwa miradi ya Kivu mpangilio huo unaweza kufaa vizuri: WhatsApp ibaki mapokezi, na mtu mmoja ahamishe kwenye daftari yale yaliyothibitishwa, akiwa amekwisha kufuta majina.

Daftari lenyewe liwe la nani? Programu inayoitwa Git, ambayo miradi mingi hutunzia msimbo, inampa kila mshiriki nakala kamili ya msimbo na historia yake. Tiketi hazisafiri nao. Zinabaki kwenye mashine za kampuni. Mwaka 2019 GitHub, ambayo ni mali ya Microsoft tangu 2018, ilifunga sehemu ya huduma zake kwa watumiaji wa Iran, Syria na Crimea kwa sababu ya vikwazo vya Marekani. Atlassian ya Australia, yenye kumiliki daftari la Jira ambalo DHIS2 inalitumia, ilikoma Februari 2024 kuhudumia toleo ambalo wengi walikuwa wameliweka kwenye mashine zao wenyewe. Congo haimo katika visa hivyo viwili, lakini mradi wenye busara unachukua nakala ya daftari lake kila mwezi, hata ikiwa ni jedwali la Excel kwenye fimbo ya USB.

Mradi wa watu watatu unaweza kuanza na jedwali hilohilo: namba, tarehe, toleo, kilichotokea, nani anashughulikia, kimeishaje. Hata kaye ya karatasi katika biro ya zoni inaushinda ukuta wa WhatsApp, ilimradi ibaki biro mwenye kuiandika anapoondoka.

Kinachobaki kugumu ni pesa. Katika bajeti za miradi, kompyuta zina mstari wake, mafunzo ya hotelini yana mstari wake. Saa za kusoma ripoti za kasoro ni shida kuziombea fedha, kwa kuwa hazipigwi picha. Anayefaa kwa kazi hiyo halazimiki kuwa mwanaprogramu. Awe anazijua fomu za zoni, anaandika Kifaransa na Kiingereza cha kutosha, na kwenye mkataba wake iandikwe siku moja kwa juma kwa ajili ya daftari.